Hopsi ipi ya uchungu, ipi ya harufu kwenye peli eli ya nyumbani?

Swali: "Ninaishi kusini mwa Seattle, Marekani, na kwa mwaka mmoja sasa napika bia nyumbani, lita 19 kila nikipika. Napenda ile peli eli (pale ale) ya Kimarekani inayonukia balungi. Nimejaribu mara tatu, kimea kilekile, hamira ileile, uzito wa awali wa maji ya kimea, kabla ya kuchacha, kama 1.050. Mara ya kwanza nilitia gramu 56 za hopsi, yale maua makavu ya kutia bia uchungu na harufu, aina ya Citra yenye alfa 12 (asilimia ya asidi za uchungu iliyoandikwa kwenye pakiti) mwanzo kabisa, nikachemsha dakika 60. Ilitoka chungu kama shubiri, harufu hakuna. Mara ya pili nilitia gramu 56 za Cascade yenye alfa 6 zikiwa zimebaki dakika tano. Ilinukia, lakini ikawa tamu ya kukinaisha. Mara ya tatu nilifuata ushauri wa dukani kwamba kuna hopsi za uchungu na hopsi za harufu: gramu 28 za Magnum yenye alfa 13 kwa dakika 60, gramu 56 za Cascade kwa dakika 15, na vijiko vitatu vya chai vya jasi (gypsum) kwenye maji, maana nilisoma kuwa jasi huchangamsha hopsi. Hiyo ina harufu kidogo, ila ina ukali unaokwangua koo na haushuki. Baada ya mwezi hata ile harufu imeondoka. Nimeanza kuamini kwamba alfa kubwa ndiyo inayoleta ukali. Ninunue hopsi ipi ya uchungu na ipi ya harufu? Na la pembeni: jirani yangu ana mmea wa hopsi uani. Naweza kumpelekea kaka yangu Rombo, Kilimanjaro, kipande cha mzizi aupande?"

Ndugu yangu, asante kwa kuandika gramu, dakika na alfa. Wengi huniandikia kwamba bia yao ni chungu, basi, na hapo sina pa kushika. Wewe umenipa kila kitu, na nilipokokotoa niliona kwamba bia zako tatu zimefanya sawasawa na ulivyoziagiza. Hakuna hata moja iliyoharibiwa na aina mbaya ya hopsi.

Nianze na hilo la dukani. Aliyekuambia kuna hopsi za uchungu na hopsi za harufu hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Majina hayo ni ya kazi. Mmea ni mmoja, na kila kishada cha ua lake kina unga wa manjano unaonata, lupulini, ambao ndani yake mna vitu viwili tunavyovitafuta: asidi za alfa na mafuta ya kunukia. Magnum inayo mafuta. Cascade inazo asidi. Citra, uliyoichemsha saa nzima, ni miongoni mwa hopsi zinazosifiwa zaidi duniani kwa harufu, na ina alfa nyingi vilevile. Kitakachoamua upate kipi kati ya hivyo viwili ni muda utakaoiacha hopsi kwenye moto.

Asidi za alfa zenyewe haziyeyuki vizuri kwenye maji ya kimea, na zikibaki hivyo hivyo hazitii uchungu wa maana. Lazima zibadilishwe umbo. Joto la kuchemka huigeuza pete ya kaboni sita iliyo katikati ya asidi hiyo ikawa pete ya kaboni tano, na hapo inakuwa asidi ya iso-alfa, inayoyeyuka na kuwa chungu hasa. Mabadiliko hayo ni ya polepole. Kwa maji ya kimea ya uzito kama wako, dakika tano za kuchemka huingiza kwenye bia chini kidogo ya sehemu tano katika mia za alfa uliyotia. Dakika 15 huingiza kama 11, na dakika 60 kama 23. Hata ukichemsha saa nzima, sehemu kubwa ya alfa haifiki kwenye glasi yako.

Mafuta yanakwenda kinyume. Mirsini, linaloli, geranioli na wenzao ndio wanaoleta balungi, maua na msonobari unaouonea hamu, nao huondoka na mvuke. Ukisimama jikoni dakika za mwanzo za kuchemsha na nyumba nzima ikanukia vizuri, hiyo ndiyo harufu ya bia yako inayotoka dirishani. Mpishi wa mchuzi analijua jambo hili bila kufundishwa: mdalasini na karafuu huingia mapema, kotmiri hukatiwa juu sufuria ikiwa inaepuliwa. Ukiichemsha kotmiri saa nzima utaona majani, hutaisikia.

Na wewe uliyetoka Rombo unalo somo lingine la karibu zaidi. Mbege ina utamu wa ndizi na ulezi, na wazee waliona utamu huo unataka kitu cha kuushika, wakatia gome la msesewe. Peli eli ni hivyo hivyo. Kimea kinaacha sukari ambazo hamira haiwezi kuzila, na uchungu wa hopsi unasimama upande wa pili. Ukizidisha, gome linafunika ndizi. Ukipunguza, unapata ulichokipata mara ya pili.

Sasa tuhesabu, maana uchungu unahesabika na hakuna sababu ya kubahatisha. Wapikaji wengi wa nyumbani hutumia kanuni ya Glenn Tinseth. Kwa uzito wa 1.050 naweza kukufupishia hivi: zidisha gramu kwa namba ya alfa iliyo kwenye pakiti, zidisha kwa 2.3 kama unachemsha dakika 60, kisha gawanya kwa lita. Kwa dakika 15 badala ya 2.3 weka 1.1, kwa dakika 10 weka 0.8, kwa dakika tano weka 0.5. Jibu linakuja katika IBU, kipimo cha uchungu wa bia. Mwongozo wa waamuzi wa bia wa BJCP unaiweka peli eli ya Kimarekani kati ya IBU 30 na 50.

Bia yako ya kwanza: 56 mara 12 mara 2.3, gawanya kwa 19. Unapata 81. Hiyo si peli eli tena. Ya pili inapata kama 9, chini hata ya bia nyingi nyepesi za kiwandani, na utamu ulikuwa lazima. Ya tatu: Magnum inaleta 44 peke yake, nawe ukaongeza Cascade ya dakika 15 ukidhani unatia harufu tu, kumbe imeleta 19 nyingine. Jumla ni 63. Wakati huohuo robo saa ya kuchemka imefukuza sehemu kubwa ya mafuta ya Cascade. Umelipia harufu ukapewa uchungu. Dakika 15 ni mahali ambapo mimi siweki hopsi kwenye peli eli hata siku moja, kwa sababu hapo hupati chochote kikamilifu.

Kwa hiyo alfa kubwa si ukali. Ni wingi wa uchungu ndani ya kila gramu, kama pilipili mbuzi ilivyo na wingi kuliko pilipili hoho. Unapunguza kipimo. Kosa lililojirudia kwako ni la aunsi: gramu 28 na gramu 56 ni aunsi moja na mbili, ujazo wa pakiti, nawe ulimimina pakiti nzima kila mara. Nunua mizani ndogo ya gramu. Ni kifaa cha bei ndogo na kitakusaidia kuliko hopsi yoyote nitakayokutajia.

Utasikia pia kwamba ukali wa kukwangua unatokana na kohumuloni, mojawapo ya asidi za alfa, na kwamba uchague hopsi zenye kohumuloni chache. Imani hiyo ni ya zamani na wataalamu bado wanabishana juu yake. Lakini kwa kesi yako haina msaada, kwa sababu Magnum ina kohumuloni chache kuliko Cascade. Kama ingekuwa ndiyo sababu, bia ya tatu ingekuwa laini.

Mimi naishuku jasi. Mji wa Burton upon Trent, Uingereza, ulipata sifa ya peli eli zake kwa sababu maji ya visima vyake yana salfeti nyingi, na salfeti huukausha na kuunoa uchungu. Ushauri uliousoma una asili ya kweli. Ila vijiko vitatu vya chai ni kama gramu 12, na hizo katika lita 19 huongeza salfeti takriban miligramu 350 kwa lita. Kwa maji laini kama ya upande wenu, ambayo hayana madini ya kutosha kuisawazisha, na juu ya IBU 63, koo lazima lilalamike. Safari ijayo tia gramu tatu au nne tu, au usitie kabisa mara moja ili uonje tofauti. Na kama maji ya bomba yana klorini, vunja nusu kidonge cha metabisalfaiti humo kabla ya kuanza. Klorini ikikutana na kimea na hamira huzaa ladha ya dawa ya hospitali ambayo watu huisingizia hopsi.

Tuje kwenye kuchagua. Hopsi ya mwanzo ichague kwa namba: alfa kubwa, ladha tulivu, bei nafuu kwa kila kipimo cha uchungu. Magnum ya Kijerumani ni chaguo zuri sana na wala usiiache. Warrior inafanya kazi hiyohiyo. Columbus na Chinook zina nguvu pia, ila huacha msonobari na ukakasi kidogo hata baada ya saa nzima, jambo ambalo wengine wanalitaka. Citra usiichemshe saa nzima tena. Unaichoma fedha, kwa sababu bei yake ni ya mafuta, nayo mafuta yote yamekwenda na mvuke.

Hopsi ya mwisho ichague kwa pua. Umesema balungi, na mimi nisingekupeleka mbali na Cascade. Ilitolewa mwaka 1972 na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani kule Corvallis, Oregon, ikapewa jina la milima hiyohiyo unayoiona ukitazama mashariki. Mwaka 1980 Sierra Nevada wa Chico, California, walianza kupika peli eli yao iliyojaa Cascade, na tangu hapo balungi na maua yakawa ndiyo maana ya peli eli ya Kimarekani. Harufu unayoitamani, hata kama umeionja kwenye bia ya kampuni nyingine, ina uwezekano mkubwa wa kuwa binti wa huko. Centennial inakwenda nayo vizuri, ndimu zaidi na maua mazito. Citra ukiitia mwishoni inaleta embe, pasheni na ndimu, tamu kabisa, lakini ina sauti kubwa na Cascade hunyamaza mbele yake. Kama siku moja utataka kwenda upande wa Kiingereza, East Kent Goldings ina harufu ya asali, maua na udongo wa mvua. Kwa sasa usichanganye zaidi ya mbili. Ukichanganya tano hutajua ipi uliipenda.

Na kama unataka kutumia Cascade peke yake toka mwanzo hadi mwisho, inawezekana, na ni bia ninayoipenda mimi mwenyewe. Itakubidi utie gramu mara mbili pale mwanzo ili ufikie uchungu uleule, na majani hayo ya ziada yatakunywea maji ya kimea kidogo na kuacha ladha ya majani kwa mbali. Faida yake ni uchungu wenye sura ileile na harufu.

Kwa mara ya nne ningekuandikia hivi, kwa lita 19 na kimea chako kilekile. Magnum gramu 14 kwa dakika 60, kama alfa ni 12 au 13: hiyo ni IBU 20 na zaidi kidogo. Cascade gramu 28 zikiwa zimebaki dakika 10: IBU kama saba. Kisha zima moto, poza hadi nyuzi 80 za Selsiasi, tia Cascade gramu 56, funika na uache dakika 20 ukikoroga mara mojamoja. Kwenye nyuzi 80 mabadiliko ya alfa yanakwenda polepole sana, na mvuke hautoki kwa nguvu, kwa hiyo mafuta yanabaki humo ndani. Utapata uchungu kidogo tu hapo, tuseme jumla ifike 33 hivi. Namba kwenye pakiti hubadilika kila mwaka wa mavuno, hivyo soma pakiti yako, usinakili gramu zangu kama zilivyo.

Halafu iko hatua ambayo hukuitaja: hopsi za kwenye pipa, bila moto. Hamira ikimaliza kazi, tia gramu 56 nyingine za Cascade au Centennial moja kwa moja kwenye pipa la kuchachushia, ziache siku mbili au tatu. Wiki mbili si bora kuliko siku tatu, zinazidisha ukakasi wa majani. Wala wingi hauna mwisho mwema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State walijaribu Cascade kwa vipimo mbalimbali wakaona kwamba ukipita gramu nane kwa lita, harufu haiongezeki sawasawa na gharama, na inageuka kuwa ya majani ya chai. Gramu 56 kwenye lita 19 ni tatu tu kwa lita, uko salama.

Tahadhari moja hapa, na tafadhali izingatie. Hopsi zina vimeng'enya vinavyovunja sukari nzito zilizobaki na kuzifanya sukari nyepesi. Hamira iliyolala inaamka, inaanza kula upya. Ukiwa umeshafunga chupa, gesi inazidi na chupa inaweza kupasuka mkononi. Baada ya kutoa hopsi, pima uzito wa bia kwa haidromita siku tatu mfululizo, na usijaze chupa mpaka namba isimame palepale.

Kuhusu harufu iliyokimbia baada ya mwezi, mwizi ni oksijeni akisaidiwa na joto. Ukijaza chupa kwa kumimina kutoka juu, unaipulizia bia hewa. Tumia mpira unaofika chini ya chupa ili bia ipande taratibu. Gesi ikishaingia vya kutosha, hamishia chupa zote kwenye friji badala ya kuziacha kabatini, na peli eli uinywe ikiwa mbichi, ndani ya wiki sita hivi. Si bia ya kuweka akiba. Chupa ziwe za kahawia, kwa kuwa mwanga wa jua huvunja asidi za iso-alfa na kuleta uvundo unaofanana na wa kicheche. Hopsi zako pia zikae kwenye friza, kwenye mfuko usio na hewa. Ukifungua pakiti ikanuka jibini, itupe. Hapo mafuta hayapo tena, na alfa iliyoandikwa nje si ya kuiamini.

Kaka yako Rombo. Natamani ningesema ndiyo, maana nimewaza bia yenye hopsi za mteremko wa Kilimanjaro zaidi ya mara moja. Tatizo si udongo wala mvua. Hopsi huhesabu urefu wa siku. Mmea unahitaji siku ndefu za kiangazi, saa 15 hivi za mwanga, ili urefuke kwanza kabla ya kuchanua, na baadaye baridi ya kuulaza. Ndiyo maana mashamba makubwa yako Yakima, Bavaria na Kent. Kilimanjaro, nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, siku ni saa 12 mwaka mzima. Mmea utachanua ukiwa bado mfupi na vishada vitakuwa vya kuhesabu. Hata Afrika Kusini, karibu na mji wa George, wakulima walilazimika kuwasha taa mashambani kuurefusha mchana, hadi walipozalisha aina zao wenyewe zinazovumilia siku fupi. Isitoshe, kubeba mzizi kwenye sanduku bila kibali cha afya ya mimea ni kuhatarisha mashamba ya watu kwa magonjwa. Mpelekee kaka yako chupa, mzizi uache.

Mwisho, mambo yasiyofaa kuulizwa kwa barua. Kama una mbwa nyumbani, hopsi zilizotumika usizitupe kwenye mboji anapofika. Mbwa akizila joto la mwili wake linaweza kupanda ghafla hadi kumuua, na dalili ya kwanza huwa ni kuhema sana na kuhangaika. Ukiona hivyo mkimbize kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usisubiri kuona kama itapita.

Na kama utapika bia ya nne kwa vipimo hivi, jasi kidogo, maji yasiyo na klorini, na koo bado linakwanguliwa, basi mimi nikiwa mbali siwezi kukusaidia zaidi, inabidi mtu aonje. Inaweza kuwa maganda ya kimea yaliyokamuliwa kwa maji ya moto kupita kiasi, au vijidudu vilivyojificha kwenye mpira wako wa kujazia. Kwenye glasi vyote hivyo vinafanana na uchungu wa hopsi, na ulimi uliozoea huvitenganisha kwa dakika moja. Huko jimboni Washington vilabu vya wapikaji wa nyumbani ni vingi na wengi wao wanakaribisha wageni. Duka unalonunulia hopsi watakuambia kilicho karibu nawe kinakutana lini. Nenda na chupa mbili za bia ya tatu na mbili za ya nne, zote baridi, na karatasi yenye gramu na dakika kama hii uliyonitumia mimi.